Kimeo cha Binti Yangu

Ungemwona binti yangu akifukuza ndege kwenye uwele, usingesema anaumwa. Shida ilianza akilala. Alikoroma kama mzee aliyeshiba pombe, kisha kimya, kifua kinabonyea, midomo inabadilika rangi, halafu anashtuka na kuvuta pumzi kwa nguvu. Alikuwa na miaka minne. Hata akisinzia mchana shambani niliacha jembe nikamkalia karibu.

Kwetu Hombolo kila mtu alikuwa na jibu. Mama mkwe wangu, ambaye kwa ushuhuda wake mwenyewe hakuwahi kukosea, alisema ni kimeo: kile kinyama kinachoning'inia kooni kimerefuka, kinaziba njia, kikatwe. Watoto wake wote walikatwa, mume wangu akiwemo. Hata mimi nilikatwa. Hakuna aliyeliona kuwa jambo kubwa kuliko kunyolewa.

Lakini mume wangu alikuwa amefanya kazi kwenye reli ya Wadachi, na alimwona daktari wao akimtibu mwenzake aliyevunjika mguu hadi akatembea. Akasema twende kwanza Dodoma. Nikambeba mtoto mgongoni, tukatembea siku mbili.

Daktari alimpanua kinywa kwa kijiko, akachungulia sana, akasema maneno mengi. Mkalimani, kijana wa pwani aliyetutazama kana kwamba tumemchafulia sakafu, akayafupisha.

"Si kimeo. Ni mafindofindo, yale mavimbe mawili ya pembeni. Yatakatwa, lakini si sasa. Mtoto hana damu. Mpeni maini na maziwa miezi miwili, kisha mrudisheni. Bwana daktari atampa dawa ya kulala, hatasikia kitu."

"Dawa ya kulala?" nikauliza.

"Ndiyo, mama. Atalala kabisa."

Mwanangu alikuwa akifa na kufufuka kila anapolala, na hawa wanataka kumlaza kwa dawa! Njiani nilimwambia mume wangu kwamba simrudishi.

"Hata Mdachi amesema kooni pakatwe," nikasema. "Basi tutakata sisi, akiwa macho, nikimwona."

Nilijiona mwerevu sana. Katika maneno yote ya daktari nilichukua lile moja nililolitaka, na yale ya damu nikayaacha mlangoni kwake.

Hatukungoja hata mwezi. Fundi wa vimeo alikuja asubuhi na kisu chake chembamba kilichopinda ncha. Mama mkwe alimshika mtoto miguu, mimi nikamshika kichwa. Alilia mara moja tu. Fundi akatuonyesha kile kinyama kiganjani, na kweli kilikuwa kirefu. Mama mkwe akanitupia jicho la ushindi ambalo sijamsamehe mpaka leo. Mtoto alitema damu, akasukutua kwa maji ya chumvi, damu ikapungua. Nikamlaza ubavu kivulini, nikaanza kutwanga karibu yake.

Akalala bila kukoroma. Kifua kilipanda na kushuka taratibu, hakibonyei. Nililia kwa furaha. Jirani aliyekuja kuuliza hali nilimwambia anong'one. Mara mojamoja nilimwona mtoto akimeza, nikadhani ni mate. Mwishowe niliuweka mchi chini ili nisimwamshe.

Ni mama mkwe aliyemgusa mguu.

"Mwanangu," akaniita, na hakuwahi kuniita hivyo, "mtoto amepoa."

Tulipomwinua, damu nyeusi ilimtoka kinywani, nyingi, ikanilowesha kifua. Alikuwa ameimeza yote kidogokidogo mbele ya macho yangu, nami nikiulinda usingizi wake.

Mume wangu hakunilaumu hata siku moja, na hilo lilinichoma kuliko matusi. Uzeeni alianza kukoroma vibaya. Wajukuu walinicheka, wakisema bibi ana mapenzi, anavumilia kelele zote zile. Sikuwa navumilia. Nililala nikizisikiliza, na aliponyamaza tu, nilimwamsha.