Siku Nilisema «Weka Spika, Watu Wote Wasikie»

Musicheke sana, tafadhali, juu aibu hii ingali inanichoma hata nikiona tu modem dukani. Bokilo yangu, ni kusema mama ya muke wangu, alikuwa ametoka Banalia kuja kukaa kwetu (na alitubebea samaki ya kukaushwa, gunia zima, tumushukuru), na mimi siku ile nilikuwa naenda Makiso, katikati ya muji, kugombana na kampuni ya simu, juu nilikata kontra, ule mukataba wa internet, mbele ya mwaka kuisha (bei ilinishinda) na wakaniwekea faini, basi nikawaza: nikienda na mama mukubwa, mwenye heshima, nani atathubutu kunikatalia? Nikamupandisha pikipiki, twende.

Pale ofisini watu walijaa. Nikasimama mbele ya dada wa kaunta, nikaanza kusema na sauti ya mwalimu (ndiyo kazi yangu), kwamba hakuna mutu aliniambia habari ya mwaka muzima, kwamba wanaibia watu, kwamba «hata mama huyu, bokilo yangu, ni shahidi», na mama maskini akatikisa kichwa kukubali, juu aliniamini.

Dada akavaa vile vya masikio, akasikiliza kitu kwenye mashine, akaniangalia na huruma.

«Papa, siku ulichukua kontra kwa simu, tulirekodi. Sikiliza kwanza weye peke yako.»

«Peke yangu juu ya nini? Weka spika, watu wote wasikie!»

Akaweka. Sauti ikatoka, yangu kabisa, nikicheka: «Mwaka muzima? Hata miwili, dada! Bokilo anakuja kukaa kwangu, ule mama anasema tangu asubuhi mpaka magharibi, nipe internet ya nguvu nijifungie chumbani.»

Watu wakacheka, kisha wakamuona mama, wakanyamaza, na kunyamaza kule ndiko kuliniua. Bokilo akakaza kitambaa chake cha kichwa, akatoka. Nikalipa faini, nikamukimbilia, nikamukuta amekwisha kukaa nyuma ya toleka, baiskeli ya abiria.

«Mama, unisamehe.»

«Mwanangu,» akasema bila kunitazama, «ungeniambia tu, ningenyamaza.»

Na kweli, siku tatu alizobakia alikula, alisali, alijibu «ndiyo» na «aksanti», halafu akarudi Banalia. Bon, tangu siku ile nimeapa sitagombana tena mbele ya watu juu ya neno nisilolikumbuka vizuri, na kila Jumapili ninamupigia bokilo simu, ninamuomba anielezee habari za shamba, za jirani, za kuku, zote.

«Tuko muzima,» ananijibu. Kisha anakata.