Nimemuumiza Baba Mkwe kwa Programu ya Gari

Leo nimemuumiza baba mkwe, na siruhusiwi hata kumwomba radhi.

Asubuhi niliunganisha laptop na gari langu, nikaweka programu mpya ya injini na giaboksi ili lipande milima kwa nguvu. Nilifuata hatua zote, isipokuwa ya mwisho: kulijaribu bila abiria.

Simu ikaita. Mama mkwe aliomba nimpeleke baba mkwe hospitali, maumivu ya mgongo yamemzidi.

Sisi Wanyakyusa wa nyumba hii bado tunashika mila: mimi, mke wa mwanawe, na yeye hatusemeshani wala hatutazamani. Akakaa nyuma na mama mkwe.

Nikakanyaga mafuta kidogo tu. Gari likaruka! Gia ikaingia kwa kishindo, mzee akaguna kwa maumivu.

“Mama Neema, umepakia watu au magunia ya viazi vya Isongole?” mama mkwe akanifokea.

Mzee akamwambia mkewe taratibu, “Mwambie mkwe gari ni zima. Mgongo wangu ndio umezeeka.”

Hospitalini nikamnong'oneza mama mkwe amfikishie kwamba kosa ni langu.

Akacheka. “Mzee kaendesha malori maisha yake yote, hajui gia? Kakusitiri, wewe unajivua nguo?”

Programu ya zamani nimeirudisha. Wakwe wenzangu, radhi ya namna hii mnaiombaje?