Kiti cha Karibu na Mlango

Nakumbuka Jumamosi moja kule Mugutha, mwanangu, nilipoinua sufuria ya mukimo, viazi vya kuponda na mahindi, ambayo sikupaswa hata kuigusa.

Nilikuwa sijafika miaka arobaini. Kwa miaka minne, kila nikienda haja kubwa, utumbo wa nyuma ulishuka ukatoka nje, nami nikaurudisha kwa mkono na kunyamaza. Usikunje uso, mwili ni mwili. Kanisani nilikaa kiti cha karibu na mlango ili nitoke mbio nikizidiwa. Hatimaye nilifanyiwa upasuaji Thika, na ukaenda vizuri. Sista wa wodi akanionya nisibebe kitu kizito kwa miezi mitatu, wala nisijikaze chooni.

Wanawake wa kikundi chetu walipokuja kuniona na maziwa na unga wa uji, niliwaambia nimetolewa apendiksi. Niliona aibu, basi. Wiki ya sita tukaenda kupika kwenye ruracio, sherehe ya mahari ya binti wa jirani. Mama Kamau, mwenyekiti wetu, akaniita motoni.

"Mama Njeri, si ulishapona? Shika huko tuteremshe."

Nikashika. Nikasikia kitu kikinivuta huko chini, nikaenda chooni kujiangalia huku nalia.

Jumatatu nilirudi Thika. Daktari akanipima, akasema hakuna kilichoachia, nina bahati. Alipotoka, sista akavuta kiti. Nilipokuwa wodini nilikuwa nimemweleza yote, hata habari za kanisani.

"Siku hizi unakaa wapi kanisani?"

"Palepale mlangoni."

"Haja bado inakukimbiza?"

"Hapana, sista. Tangu upasuaji, hapana."

"Sasa mbona bado uko hapo? Tulikutibu ili uishi, mama. Na hao wenzako waambie ukweli. Usipowaambia watakubebesha tena, na kosa halitakuwa lao."

Nilimkasirikia njia nzima hadi niliposhuka Ruiru, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Jioni nikaenda kwa Mama Kamau nikamwambia kila kitu. Alipangusa kwa leso mikono ambayo haikuwa na maji.

"Mimi huu ni mwaka wa saba," akasema. "Nilidhani ni mimi peke yangu."

Mwezi uliofuata nilimpeleka Thika mwenyewe akatibiwa, na tulipoitwa kupika tena, sufuria zilibebwa na wengine.

Kwa hiyo, mwanangu, ukitoka hapa hospitali sikwambii utangaze sokoni. Waambie tu wale mnaoshika nao kazi. Fuata masharti mpaka siku ya mwisho, hata ukijisikia mzima. Usikubali mwili upone wewe ukabaki umejificha, maana mimi nilikaribia kuharibu yote kwa aibu tu.

Mungu akupe afya, akupe na mtu wa kumwambia. Ukija kanisani Jumapili usitutafute mlangoni. Mimi na Mama Kamau tunakaa katikati, na hatutoki mpaka baraka ya mwisho isemwe.