Stempu Iliyokataa Maji

Kila Ijumaa asubuhi, nyumbani kwa Mzee Msabah pale Mkunazini, mkekani palipangwa mabakuli matatu ambayo hayakuwa ya chakula. Yalikuwa ya stempu. Aliyeyatia maji alikuwa Biasha, mke wa mwanawe, na mwaka huo wa 1969 ulikuwa wa pili tangu aishike kazi hiyo, kwani mikono ya mzee ilikuwa imeanza kutetemeka.

Bakuli la kwanza lilikuwa la bahasha nyeupe. La pili la bahasha za rangi, maana bahasha nyekundu ikirowa hutoa rangi kama kanga mpya na kuziharibu nyingine. La tatu lilikuwa la kusuuzia gundi. Biasha alikata kipande cha bahasha chenye stempu, akakitia majini, kisha akampakata mwanawe Mwanaasha na kumnyonyesha. Mtoto akimaliza titi moja, stempu zimeshaachia. Hapo alizilaza kifudifudi juu ya gazeti na kuzikandamiza kwa pasi ya mkaa isiyotiwa moto.

Shule aliishia darasa la saba. Lakini kwa albamu ya mzee, zilimopangwa stempu hizo, alijua Sailoni iko wapi, na Hangaria, na kwamba kuna nchi stempu zake zina pembe tatu. Alitaka Mwanaasha ajifunze humo humo. Hilo hakumwambia mtu, kwa sababu kila mtu nyumbani alichukulia kuwa albamu ataachiwa Machano, shemeji yake, mwalimu wa skuli.

Ukurasa mmoja wa albamu ulikuwa na pengo. Ulikuwa ukurasa wa stempu za mwanzo wa mwaka 1964, zenye picha ya Sultani na juu yake pamegongwa muhuri wa wino: *Jamhuri*. Iliyokosekana ni ya senti kumi na tano. Mzee alikuwa nayo, lakini ilikuwa bado imeng'ang'ania bahasha yake.

"Nshaitia majini mara tatu," alisema Ijumaa ile, akiitoa bahasha kwenye kisanduku. "Maji ya baridi, ya vuguvugu, mpaka ya moto. Haijabanduka hata pembe. Na nyingine sitaipata, hazichapwi tena. Basi nnasema mbele yenu: atakayeitoa nzima, albamu ataiweka yeye."

Machano akacheka. "Nipeni wembe tu."

"Wembe utachana uso wake, shemeji," alisema Biasha.

"Sasa wewe utafanya nini? Utaibembeleza ilale?"

"Nikiweza kumlaza mwanangu na meno yanamuota, stempu itanishinda?"

Mzee akatabasamu, akampa bahasha. Biasha akaipeleka dirishani. Pembezoni mwa stempu aliona mstari mwembamba wa hudhurungi. Akaugusa kwa ukucha. Haukuwa mgumu kama gundi iliyokauka, ulivutika kidogo. Rangi ile aliijua. Alikuwa nayo kwenye shati la Mwanaasha, kifuani, na sabuni ya kipande kizima ilikuwa haijaifanya kitu.

"Baba, barua hii imetoka wapi?"

"Makunduchi, kwa dada yangu Mashavu. Alikuwa anauliza kama tu wazima."

"Mlangoni kwake pana mfenesi?"

"Miwili. Kwa nini?"

"Stempu zilipata unyevu, gundi ikamuishia. Shangazi kaibandika kwa ulimbo wa fenesi."

Mzee akaanza kucheka mpaka akafuta macho. "Mashavu huyo hasa. Na viatu vyake huviziba hivyo hivyo."

"Na ulimbo hautoki kwa maji," alisema Biasha, "hata uchemshe kutwa."

Alikwenda jikoni akarudi na kibatari na pamba. Machano alipoona mafuta ya taa akasimama. "Ule muhuri umegongwa kwa wino. Ukiyeyuka, Jamhuri yote imekwenda."

Hilo Biasha alikwishaliwaza. Katika kopo la stempu mbovu alitafuta moja yenye muhuri ule ule, iliyochanika nusu, akaisugua kwa pamba yenye mafuta. Akawaonyesha pamba. Ilikuwa nyeupe.

Akakata kipande cha bahasha chenye stempu, akakigeuza. Akalowesha mgongo wake tu, tone kwa tone, akasubiri karatasi inywe. Mwanaasha alianza kulia. Akamchukua, akampa titi, na mkono mmoja ukaendelea. Stempu hakuivuta. Aliilaza juu ya gazeti kifudifudi, akaibandua karatasi, akiikunja nyuma polepole kama unavyokunja jani la mgomba. Ulimbo ulifanya nyuzi, nyuzi zikakatika. Machano alikuwa amepiga magoti bila kujijua.

Ikatoka nzima, na meno yake yote pembezoni, na neno lake juu.

"Imerowa mafuta lakini," alisema Machano, sauti imeshuka. "Itabaki na doa."

"Haitabaki. Shemeji, mfukoni huna chaki?"

Alikuwa nayo, kama walimu wote. Biasha akaisaga kwa sahani ya kikombe, akaifunika stempu kwa unga wake juu na chini, akaweka pasi. Wanaume waliposali Ijumaa na kurudi, akapuliza unga. Doa lilikuwa limenywewa.

Mzee Msabah akafungua albamu kwenye ukurasa wenye pengo, akachukua kibano chake, kile ambacho hakuwahi kumpa mtu, akamsukumia Biasha juu ya mkeka.

"Tia mwenyewe, mwanangu. Na usiku albamu ikalale chumbani kwako."

"Na mimi je, baba?" Machano aliuliza.

"Wewe utaleta chaki."

Biasha akamhamishia Mwanaasha paja la kushoto ili naye aone, akashika kibano.