Miguu ya Simba wa Pwani

Nikisikia harufu ya udongo uliolowa, namkumbuka baba yangu na vidole vyake.

Aliondoka kwetu Nyanungu nikiwa bado mgongoni mwa mama, akaenda kupakua mizigo katika mji mmoja wa bandari. Alirudi katika miaka ya hamsini, mimi nikiwa msichana wa kuchota maji, akiwa kipofu, ameshikwa mkono na mpita njia. Mama alimwosha miguu na hakumuuliza kitu.

Tata, ndivyo tulivyomwita, alikataa katakata kuongozwa na mtoto. Mwanamume wa kwetu huenda zizini mwenyewe, akawapapasa ng'ombe wake na kuwaita kwa majina. Alituambia kwamba kule mjini watu huelekezana kwa sanamu za wanyama: teremka mpaka kwa samaki, kata kushoto kwa simba. Basi nikachukua udongo wa mama wa vyungu, nikamfinyangia simba wa kuweka kwenye kona ya kwenda zizini.

Simba nilikuwa nimewasikia tu wakinguruma. Wangu nilimpa kichwa kikubwa na sharubu za majani, nikajiona fundi kweli kweli. Tata hakukigusa kichwa. Mikono yake ilishuka moja kwa moja miguuni.

"Kucha ni fupi mno," alisema. "Na hapa kati ya vidole weka ufa. Sisimizi hupita humo."

"Na uso wake ukoje, Tata?"

"Wewe tengeneza miguu, mwanangu."

Nilinuna. Lakini simba alifanya kazi yake, na Tata akawa anakwenda zizini peke yake, akipiga mluzi.

Masika yalipokolea, mvua kubwa ilimyeyusha simba sote tukiwa shambani. Tata aliipita kona bila kujua. Tulimkuta korongoni, amelowa, bado anawaita ng'ombe wake. Homa ya kifua ilimuua kabla ya mavuno.

Nilipokuwa mtu mzima, mume wangu alihamishiwa kazi mji ule ule. Nilimtafuta yule simba wa sanamu mpaka nikampata. Alikuwa mrefu; niliposimama, mkono wangu uliishia kifuani pake. Chini, ubavuni mwa mguu wake, alikaa mzee mmoja na kopo la kuombea sadaka.

Nilimwamkia shikamoo, nikaketi kando yake palepale chini. Ndipo mkono wangu ulipozifikia kucha, na ule ufa. Sisimizi walikuwa wakipita. Nililia kama mtoto, maana sasa nilijua Tata alikaa wapi miaka yote ile.