Kichwa cha Baba Mkwe

Siku ile, mwanangu, naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu. Ya harusi nimesahau hata nilikula nini. Ile ya baba mkwe, nikifumba macho tu, mikono inaanza kutetemeka, nami ni mstaafu mwenye wajukuu ambaye sasa anaruhusiwa kutetemeka kwa uzee peke yake.

Wewe unayekwenda kuanza kazi ya kuwapa watu usingizi na kuwawekea mpira wa kupumulia, vuta kiti. Na wewe usiye muuguzi usiondoke, maana habari hii si ya wauguzi tu.

Mimi nimezaliwa Sola, nikaolewa Lalago, kwenye mji wa watu wa ng'ombe na pamba. Nilipoolewa ndiyo kwanza nimetoka chuoni, muuguzi wa usingizi mbichi kabisa, nafanya kazi katika hospitali moja hapa Bariadi. Mama mkwe alinipokea kwa mafundisho. Mkamwana hapiti mbele ya baba mkwe wake. Hakai alipokaa yeye, hali naye, hamtazami usoni, hamgusi hata kwa kumpa mkono, na jina lake halitaji. Mpaka leo silitaji, na hapa hutalisikia. Mwacha mila ni mtumwa, wanasema wazee, nami nilizishika zote kwa meno. Nikisikia fimbo yake inagonga uani, natokea mlango wa nyuma. Mume wangu alikuwa akinicheka kwamba nimemgeuza baba yake kuwa simba.

Basi mchana mmoja wa kiangazi gari la kukodi likaingia hospitali likipiga honi toka getini. Mzee alikuwa akiwanyunyizia ng'ombe wake dawa ya kupe. Bomba linavuja mgongoni, upepo ukageuka, na yeye hana glavu wala kitambaa cha kuziba pua, kwa kuwa dawa ile ameitumia miaka yote na haijamfanya kitu. Waliomleta walimkuta amelala zizini, mate na povu vinamtoka, kifua kinakoroma. Mwenzangu Dotto na wauguzi wengine wakamvua nguo zenye sumu, wakamwosha kwa maji na sabuni, wakamchoma sindano ya kukausha mate. Mimi nilikuwa nje ya pazia naandaa vifaa vyangu. Nikasikia mtu anataja jina la mgonjwa, ndipo nikajua ni nani. Mwanangu, nilishika ukuta.

Nilitamani awepo mtu mwingine. Hakuwepo. Daktari na mkuu wangu wa usingizi walikuwa chumba cha upasuaji na mama mjamzito ambaye tumbo lilikwisha funguliwa, hawawezi kumwacha. Sumu ile hulegeza misuli, na ya kifua ikilegea mtu anazama katika mate yake mwenyewe huku unamtazama. Pumzi za mzee zilikuwa zinafifia. Asipowekewa mpira kooni ili mashine impumulie, anakufa, na wa kuuweka ni mimi.

Sasa sikia nilichofanya. Kuweka mpira kunataka usimame kichwani kwa mgonjwa. Ukishike kichwa chake kwa mikono yako miwili, ukitengeneze, umwangalie usoni, umfungue kinywa. Yote niliyokatazwa, katika tendo moja. Mimi nikasimama ubavuni. Nikampa dawa ya kulala kupitia mshipa, nikamwambia Dotto yeye ndiye ashike kichwa, mimi nitaingiza mpira tu. Nilijiambia kwamba ni kugawana kazi. Uongo mtupu, nilikuwa naogopa ukwe.

Baba mkwe alikuwa mtu wa mwili, shingo fupi nene, kifua kipana. Ukimlaza chali kitandani bila kitu chini ya mabega, kichwa kinadidimia nyuma na koo linajifunga. Dotto, mtoto wa wafugaji, akakikamata kile kichwa akakivuta nyuma kwa nguvu zake zote, kama mtu anayemnywesha ndama dawa. Nami nikaingiza kifaa chenye taa cha kumulikia koo kutoka pembeni, mkono nimeunyoosha, uso nimeugeuza nusu. Niliona ulimi. Niliona povu. Njia ya hewa sikuiona.

Nikatoa, tukafyonza mate, tukambana barakoa ya oksijeni na kumpulizia kwa mfuko. Hata hewa ile haikuingia sawasawa, kifua hakipandi. Midomo yake ikageuka rangi ya majivu. Ile mashine ya kupima oksijeni, ambayo mlio wake hushuka kadiri mgonjwa anavyoshuka, ilikuwa inashuka, na mimi nimeduwaa. Nilijua kabisa la kufanya. Jinsi ya kumlaza mgonjwa mnene niliisoma chuoni, nikaifanyia mtihani, nikafaulu. Lakini miguu haikukubali kwenda kichwani.

Mama mkwe alikuwa mle ndani. Walijaribu kumtoa wakashindwa, ameng'ang'ania miguu ya mumewe kana kwamba yeye ndiye anayemzuia asiondoke. Alikuwa hatazami mashine, ananitazama mimi. Akaiachia ile miguu, akaja mpaka niliposimama, akaniita mama kwa lugha ya kwetu.

"Mayu, mbona unamshika baba yako kwa vidole?"

Nikanong'ona kwamba ni baba mkwe.

"Namjua ni nani. Heshima gani hiyo ya kumheshimu mtu mpaka afe? Mshike."

Nakuambia kweli, maneno yale yalinishtua kuliko povu na midomo ya majivu. Huyu ndiye aliyenifundisha kuinama, huyu ndiye aliyenikemea mbele ya mawifi kwa sababu kivuli changu kilipita juu ya kiti cha mzee. Nikamtazama nikadhani sikumsikia vizuri. Kisha nikasema nahitaji kitu cha kumwinulia mabega na kichwa. Alifungua furushi lake, lile la vitenge alivyochukua kwa kujua atalala hospitali, akaanza kunipa kimoja kimoja.

Nikaenda kichwani. Nikamwambia Dotto amwinue mzee mabega, mama akasaidia, nami nikatandika: blanketi la hospitali chini ya mgongo wa juu na mabega, mto chini ya kichwa, na vitenge vya mama mkwe nikivikunja juu yake kimoja baada ya kingine. Nilikuwa natazama tundu la sikio na kile kishimo kilicho juu ya mfupa wa kifua, chini ya koo. Mtu mnene ukimlaza, sikio linakuwa chini sana ya kishimo kile. Unampandisha mpaka viwe usawa mmoja. Uso unatazama dari, shingo imesogea mbele, kidevu kimeinuka kidogo, kama mtu aliyesimama mlangoni ananusa mchuzi wa jirani. Huvuti kichwa nyuma. Ukikivuta unaifunga njia unayoitafuta.

Kisha nikakishika. Kichwa cha baba mkwe, kizito, chenye mvi na jasho, kikajaa katika viganja vyangu. Nikabana barakoa vizuri, tukampulizia, na safari hii kifua kikapanda. Mlio ukapanda. Nililia hapohapo, machozi yanamdondokea kwenye paji la uso, nami sina mkono wa kuyafuta. Nilipoingiza kifaa tena niliinama nikatazama ana kwa ana, na njia ya hewa ikawa wazi mbele yangu. Mpira ukapita bila kugombana. Dotto akasema kitu ambacho sikusikia. Mama mkwe alikuwa amekaa sakafuni, kitambaa cha kichwa kimemvuka, na hakuna aliyethubutu kumwambia akae kwenye kiti.

Mzee alikaa kwenye mashine mpaka sumu ikamwachia. Siku ya kumtoa mpira nilimwomba mkuu wangu amtoe yeye, nikajificha duka la dawa. Unacheka? Subiri uolewe. Siku zilizofuata nilipita nje ya wodi kwa kunyata. Nilikuwa na hofu moja tu, kwamba watamwambia, na mtu aliyeishi kwa heshima yake yote ataona afadhali angekufa.

Walimwambia. Akaagiza niitwe. Nikaingia nimeinama, nikapiga magoti karibu na mlango, mbali na kitanda, macho chini. Sauti yake ilikuwa imekwaruzwa na mpira, anatafuta kila neno.

"Kichwa hiki mama yangu alikishika kabla hakijajua kukaa sawa shingoni. Tangu hapo hakuna mwingine aliyekishika hivyo. Wa pili ni wewe."

Akageukia ukutani, kwa sababu ukwe ulikuwa umerudi mahali pake, nami nikatoka kinyumenyume kama nilivyofundishwa. Huko koridoni nilikaa chini na kofia yangu ya kazi. Nilikuwa nimejiandaa kwa laana.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Niliendelea kutokea mlango wa nyuma nikisikia fimbo, na yeye akaendelea kukohoa kabla ya kuingia uani ili nipate nafasi. Mila haikuvunjika hata kidogo, mwanangu. Mtu angekufa kwa ajili ya kulinda kitu ambacho hakikuwa hatarini.

Kwa hiyo nakuusia. Mgonjwa akiletwa mbele yako, usikimbilie mpira. Mtengeneze kwanza alale inavyotakiwa, usione unapoteza muda, kwa kuwa mgonjwa aliyelazwa vibaya utahangaika naye mpaka umpoteze, na aliyelazwa vizuri nusu ya kazi imekwisha. Tafuta blanketi, tafuta mto, omba kitenge cha mama yake. Sikio na kishimo cha kifua vikae usawa. Simama kichwani, mtazame usoni, mshike kwa mikono yote miwili, awe mkweo, awe padri aliyekubatiza, awe adui wa baba yako. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nami naongeza kwamba mwenye kuogopa kushika haokoi. Na wewe usiye muuguzi, heshimu wakubwa wako, tena heshimu sana, ila ujue kwamba heshima ni ya mtu aliye hai. Ikifika mahali inataka kumuua, iweke kando umwokoe, kisha uirudie. Utaikuta inakungoja.

Mungu akupe macho ya kuona mapema na viganja visivyoona haya. Na siku kichwa kilicho mbele yako kitakapokuwa cha mtu wako mwenyewe, maana siku hiyo itakuja, asikosekane mtu nyuma yako wa kukuambia: mshike.