Vigelegele kwa Mtoto wa Nyani

Nakumbuka siku moja, mwanangu, niliyotaka kuwaonyesha mawifi zangu kuwa mjini kwetu nako kuna mambo.

Nilikuwa nimeolewa hapa Matogoro, mwaka haujaisha. Mawifi wawili walikuja kututembelea kutoka Lusewa, nikawapeleka kwenye bustani ya wanyama. Tulivaa vitenge vya sare na kubeba karanga za kukaanga.

Kwenye banda la nyani tulimkuta jike amekaa juu ya gogo, amempakata mtoto mchanga, mweusi, masikio yake mapana. Unajua kwetu mtoto akizaliwa wanawake hawanyamazi. Nilianza mimi. Nikapiga kigelegele, wifi Tumaini akadakia, na watu waliokuwa kwa pundamilia wakaja mbio kujazana kwenye wavu. Wengine walipiga makofi, wengine wakarusha karanga ili ageuke.

"Mtazameni alivyonuna," nikasema, "kama kaka yenu akicheleweshewa ugali!"

"Basi huyo ndiye wifi yako mkubwa," Tumaini akajibu. "Mpe shikamoo!"

Tulicheka mpaka tukashikana mabega.

Yule mama hakuwa amenuna. Alikuwa ametupa mgongo, amemkaza mtoto kifuani, midomo ikimtetemeka. Mimi niliona maringo tu. Nikapiga wavu kwa kiganja, nikapaza kigelegele kingine. Akaruka ili ashike wavu wa juu, mkono mmoja ukateleza, yeye akabaki juu, na mtoto akamponyoka, akaangukia sakafu ya saruji.

Mlio ule, mwanangu. Mdogo tu, kama embe bichi likidondoka.

Mtunzaji, Mzee Haule, akaja mbio na ufagio mkononi. "Ondokeni! Wote!"

"Mzee, tunataka tuone kama amepona," nikasema huku nalia.

"Mama, hashuki kumchukua mkiwa mmesimama hapo. Anawaogopa ninyi. Huruma yako ipeleke kule getini!"

Mtoto alikuwa bado anachezesha mkono. Mama yake, huko juu, alitutazama sisi, akamtazama mwanawe, akatutazama tena, hashuki. Na sisi hatukuondoka. Kila mmoja alitaka kuona mwisho wake. Ilibidi Mzee Haule atuswage kwa ufagio kama kuku.

Siku ya tatu nilirudi peke yangu. Mzee aliitikia shikamoo yangu bila kuinua uso.

"Alishuka mlipotoka," akasema. "Mwili wa mtoto ulikuwa umeshapoa. Mpaka sasa anatembea naye. Tukisogea kumchukua, anapiga kelele."

Kwa mbali nikaona mkono mdogo unaning'inia. Sikusogea.

Mwanangu, kesho unakwenda huko na wenzako na simu zenu. Mnyama aliyefungiwa hana mlango wa kumfungia mgeni. Akikupa mgongo, ameshasema, rudi nyuma. Usimrushie chakula, usigonge wavu, usimpigie kelele hata kama ni za furaha, kwa sababu yeye hajui kwamba unafurahi. Na ukiona umemtia hofu, usibaki kuangalia itakuwaje. Ondoka, hata kama hutajua kamwe yaliyofuata.

Mungu akujalie kuiona hofu ya asiyeweza kukuambia, na akuepushe na furaha inayomuumiza mwingine. Nenda salama, mwanangu, na uwaache salama.